Swali la Mke Wangu Pale Mama Ngina



Ndugu zangu waumini, na hasa akina mama na mabinti ambao ndio wasomaji wakubwa wa ukurasa huu, wiki hii sitaandika juu ya twahara wala mirathi. Nitaandika juu ya kompyuta iliyoko sebuleni kwangu, na juu ya swali nililoulizwa na mke wangu, swali ambalo kwa kazi yangu nilipaswa kujiuliza mwenyewe miaka mingi nyuma.

Jumapili moja baada ya Alasiri tulitoka nyumbani Kibokoni, tukapita Ngomeni, tukenda polepole hadi Mama Ngina. Tangu mahali pale palipotengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2019, familia nyingi za mjini zimezoea kwenda kupunga upepo jioni, nasi ni miongoni mwao. Tulikaa chini ya mbuyu mmoja mkongwe, tukanunua mihogo ya kukaanga iliyotiwa pilipili na ndimu, na watoto wakapewa mabuyu yao. Meli ya makontena ilikuwa ikiingia mlango wa Kilindini, kubwa kama mtaa mzima, imetangulizwa na mashua ndogo za bandari.

Nyumbani mke wangu huniita kwa jina la kifunguamimba wetu. Akiniita "Sheikh", hujua pana jambo.

"Sheikh," akasema, "ule mfumo uliomo ndani ya kompyuta yetu, sisi tuliununua?"

Ili mpate kuelewa uzito wa swali lile, hamna budi kwanza kusikia yaliyotangulia.

Mke wangu ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama wa mtaani petu. Ni wanawake 22, na kila mmoja hutoa shilingi 500 kwa wiki. Fedha zenyewe hukaa benki, lakini hesabu, yaani nani ametoa, nani amekopa, nani amesamehewa wiki kwa sababu ya ugonjwa au eda, ilikuwa katika kompyuta yetu. Alijifunza mwenyewe kuandika jedwali, akiwa na binti yetu wa pili pembeni mwake. Kwa miaka miwili jedwali lile lilikuwa fahari yake. Mtu akiuliza, hujibiwa papo hapo.

Asubuhi moja aliiwasha kompyuta, akakuta kila faili limegeuka maandishi yasiyosomeka, na juu ya kioo pana tangazo la Kiingereza likidai malipo ya dola ili mafaili yarudishwe. Jedwali halikufunguka. Khutba zangu za miaka kadhaa nazo hazikufunguka, lakini hizo ni hasara yangu peke yangu. Jedwali lilikuwa amana ya watu.

Nilimwita fundi aliyekuwa akituhudumia siku zote. Akaitazama, akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba mfumo wetu ulikuwa nakala iliyowekwa bila leseni, na kwamba ili nakala kama hizo zikubali kufanya kazi, hutiwa programu ndogo ya kuvunja kufuli la leseni. Programu hizo hupatikana katika vichochoro vya intaneti, na mara nyingi aliyezitengeneza huwa ameficha jambo lake ndani. "Lakini usijali, Sheikh," akasema, "nitakufutia, nikuwekee tena kwa mia tano tu. Kila mtu hutumia hivyo." Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nikatoa mia tano.

Mke wangu alikaa usiku tisa akilijenga upya jedwali lake. Alichukua daftari la zamani, alipitia jumbe za M-Pesa moja baada ya nyingine, aliwapigia simu wanakikundi kuwauliza. Mwishoni hesabu ilikubali isipokuwa kwa watu wawili, ambao kila mmoja alisema alitoa wiki fulani na mke wangu hakuona dalili. Alitoa shilingi 1,000 mfukoni mwake akafunga hesabu. Hakuna aliyemtuhumu. Lakini aliniambia kwamba katika kikao kile mmoja wao aliuliza, kwa upole, kama si bora daftari lishikwe na mtu mwingine, na kwamba alirudi nyumbani akihisi uso wake umepungua.

Huyo ndiye aliyeniuliza swali pale Mama Ngina. Alikuwa ameyasikia maneno ya fundi akiwa jikoni, akayaweka moyoni kwa wiki mbili.

Nilitaka kujibu haraka, na majibu yalikuwepo mengi. Kampuni ile ni tajiri, haiishi kwa shilingi zetu. Iko ng'ambo. Kila ofisi na kila duka la mtaani lafanya vivyo hivyo. Bei rasmi ya leseni inapita shilingi 10,000, nasi ni watu wa kipato cha kawaida. Nikayapanga majibu hayo kichwani, nikatambua kwamba ni yale yale ambayo huletewa msikitini na wenye maduka wanaopunguza mizani, nami huwajibu kwamba utajiri wa mwenye mali hauihalalishi mali yake.

Isitoshe, jambo lenyewe si geni kwa wanazuoni. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Jeddah, lilipokutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988, lilipitisha azimio kwamba haki za utunzi, za uvumbuzi na za majina ya biashara ni haki zinazotambuliwa kisharia, zina thamani ya mali, na hazifai kuvamiwa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 nayo inazilinda programu za kompyuta. Najua kuna waliojadili mipaka ya haki hizo penye dharura, wala siandiki haya kumhukumu jirani. Lakini mimi sikuwa na dharura. Nilikuwa na uzembe.

"Hatukuununua," nikamjibu.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi tuununue, au tuuache."

Tuliporudi nyumbani nilianza kuuliza, kwani kuuliza si ujinga. Nikapata kwamba hata kuununua kusingetufaa. Mfumo tuliokuwa nao, Windows 10, kampuni yake ilikoma kuutolea marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa iliwafungulia wenye leseni njia ya kuongeza mwaka mmoja. Ule unaoufuatia, Windows 11, unataka mashine yenye sehemu maalumu ya ulinzi na kichakato cha miaka ya karibuni. Kompyuta yetu tuliinunua mkono wa pili, ina kumbukumbu ya gigabaiti 4, na imeshazeeka. Kwa hivyo tungelipa leseni, kisha tukaambiwa tununue na mashine.

Aliyetufungulia mlango ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye anasomea mambo haya chuoni. Alikuja baada ya Isha, akaamkua, akakaa na kikombe chake cha kahawa ya tangawizi. "Mjomba," akaniambia, "hamhitaji kununua wala kuiba. Wekeni Linux."

Neno hili nililisikia zamani, nikidhani ni jambo la wahandisi. Nikamwomba anieleze kama anavyomweleza mtoto wa chuoni wa juzuu ya kwanza.

Nimeelewa hivi, nami nawaeleza kwa lugha yetu. Kompyuta ina viungo vyake: kioo, kibodi, kipanya, diski. Ina pia kazi tunazotaka kufanya: kuandika barua, kusoma habari, kupiga hesabu. Kati ya viungo na kazi kuna mfumo endeshi, ambao ni kama rubani wa bandari. Meli yoyote kubwa ikitaka kuingia Kilindini, nahodha wake hupandiwa na rubani anayejua kina na mikondo ya mlango ule. Bila rubani, meli haifiki gatini. Bila mfumo endeshi, kompyuta ni sanduku.

Basi yuko Mmarekani mmoja, Richard Stallman, ambaye mwaka 1983 alitangaza kazi ya kutengeneza mfumo ambao kila mtu ataruhusiwa kuutumia kwa kusudi lolote, kuufungua na kuuchunguza, kuubadilisha, na kumpa jirani nakala. Akauita GNU. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Ufini, Linus Torvalds, akiwa na umri wa miaka 21, alianza kuandika kiini cha mfumo, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni ile ile ya GNU. Viwili hivyo vilipokutana ndipo ulipopatikana mfumo kamili. Kiini hicho ndicho kilicho ndani ya kila simu ya Android tuliyonayo mifukoni. Na tangu mwaka 2017, kompyuta zote 500 zinazoorodheshwa kuwa zenye nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa nacho. Mimi nilikuwa nikikitumia kila siku kusoma jumbe za maamuma wangu bila kujua.

Nilichokipenda zaidi ni jambo la lugha. Waingereza wana neno moja linalobeba maana mbili, bure na huru, na Stallman amekuwa akieleza kwa miaka mingi kwamba yeye anakusudia uhuru, si bei. Kwetu hapana haja ya maelezo. Mswahili husema "bure" kwa kisicholipiwa, na "huru" au "huria" kwa kisichofungwa. Ndiyo maana tunaziita programu huria, na neno limetosha.

Mpwa wangu aliponisomea masharti ya leseni ile, nilicheka, akashangaa. Nilicheka kwa sababu niliyajua. Leseni ile yasema: tumia, gawa, boresha, lakini ukigawa ulichokiboresha, mpe mwenzako ruhusa zile zile ulizopewa wewe, usikifunge. Huo ni mlango wa wakfu! Mtu huchimba kisima, akakitoa kwa ajili ya watu. Kila mpita njia hunywa. Mwenye nguvu hukifukua kikijaa mchanga. Lakini hapana mtu anayeruhusiwa kukijengea ukuta akauza maji. Sisemi kwamba leseni hiyo ni wakfu kisharia, maana wakfu una nguzo zake na nia yake. Nasema kwamba anayeujua wakfu hatatatizika kuielewa.

Hapo tukaingia katika kuchagua, na kuchagua si kazi ndogo. Kwa kuwa kila mtu ana ruhusa ya kuchukua na kurekebisha, mifumo ya Linux imekuwa mingi kama aina za mikate Ramadhani. Mpwa wangu aliniletea majina manne ya kuanzia.

La kwanza lilinivuta kwa jina lake. Mwaka 2007 vijana wa Kiislamu walitengeneza toleo la Ubuntu kwa ajili ya familia za Kiislamu, ambalo baadaye liliitwa Sabily, yaani njia yangu. Ndani yake mlikuwa na programu ya kusomea na kutafutia aya za Qur'ani, ya nyakati za swala, na ya kuwalinda watoto na machafu ya intaneti. Nilisema hapo hapo, "Huu ndio wetu." Mpwa wangu akatikisa kichwa. "Mjomba, kazi hii ilisimama zaidi ya miaka kumi iliyopita. Matundu ya usalama yaliyogunduliwa tangu wakati huo hayajazibwa." Niliona uchungu, lakini nilielewa. Msikiti ukiwa na jina zuri na dari linataka kuanguka, huwaingizi watoto ndani. Funzo hilo nawapa bila malipo: katika jambo hili usitazame nembo, tazama kama kuna mtu anayelihudumia leo.

La pili ni Ubuntu yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake ni la lugha za ndugu zetu wa kusini, nalo ni jamaa wa neno letu "utu". Ina watu wengi, na kila baada ya miaka miwili hutoa toleo linalohudumiwa kwa miaka mitano. Tuliijaribu. Ni nzuri, lakini kwa mashine yetu ya gigabaiti 4 ilikuwa nzito kidogo, na mpangilio wake ulimchanganya mke wangu, aliyezoea kitufe cha kuanzia kwenye pembe ya chini.

La tatu ni Zorin, kutoka Ireland, lililotengenezwa makusudi kwa wanaohama kutoka Windows. Linapendeza machoni, na nisingemlaumu atakayelichagua.

La nne ni Linux Mint, lililoanzishwa mwaka 2006 na Clement Lefebvre. Limejengwa juu ya Ubuntu, lina kitufe pale pale kilipozoeleka, na lina sura tatu za kuchagua. Nyepesi kuliko zote huitwa Xfce. Watengenezaji wenyewe wanasema gigabaiti 2 za kumbukumbu zatosha na 4 ndizo zinazopendekezwa, na toleo la 22, lililotoka mwaka 2024, litahudumiwa hadi 2029. Dau la mnyonge haliendi joshi, na kompyuta yetu ni dau la mnyonge. Tukachagua Mint ya Xfce.

Lakini aliyechagua hasa ni mke wangu, nami nataka hili lieleweke katika nyumba zetu. Mpwa wangu alitaka kunionyesha mimi. Nikamwambia, "Mwonyeshe shangazi yako, ndiye mwenye kazi." Mifumo hii ina fadhila moja kubwa: unaitia kwenye fleshi, ukaichomeka, ukaiwasha kompyuta kupitia fleshi ile, na mfumo ukakutembelea bila kugusa chochote kilichomo kwenye diski. Ukichomoa fleshi, kila kitu kimerudi kilivyokuwa. Kwa hivyo alijaribu mitatu, jioni tatu, kama mtu anayejaribu viatu dukani. Kila mmoja aliufanyia mtihani ule ule: alifungua jedwali la kikundi, akaongeza jina, akajumlisha, akachapisha. Wa tatu ulipochapisha bila kumuuliza maswali, akasema, "Huu."

Kabla ya kuuweka, mpwa wangu alifanya jambo lililonifurahisha kuliko yote. Alipokwisha kulishusha faili kubwa la Mint kutoka kwenye tovuti yao, hakulitumia papo hapo. Aliiamuru kompyuta ilitazame faili zima na kutoa mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu, kisha akaulinganisha na mlolongo uliotangazwa na watengenezaji, na akahakiki kwamba tangazo lenyewe lina saini yao. Herufi moja ikitofautiana, faili si lile. Nikamuuliza kwa nini anajisumbua. Akanieleza kwamba Februari 2016 wahalifu waliivamia tovuti ya Mint yenyewe, wakawaelekeza watu kwenye nakala iliyotiwa sumu. Watengenezaji waligundua, wakatangaza wazi na kuwaonya watu. Ndiyo maana yeye huhakiki.

Sisi tuliosoma madrasa tunalijua jambo hili kwa jina lake. Hatupokei habari mpaka tujue imepokewa kwa nani, naye kwa nani. Nilikuwa nikiwafundisha vijana isnadi kila Jumamosi, huku nyumbani nikipokea programu kutoka kwa mtu asiyejulikana, aliyeipata kwa mtu asiyejulikana, kwa shilingi mia tano.

Sitawaficha taabu tulizozipata. Siku ya kwanza Wi-Fi haikushika. Mpwa wangu aliunganisha simu yake kwa waya, kompyuta ikapata intaneti kupitia simu, kisha akafungua sehemu ya viendeshi, mfumo ukajitafutia kilichokosekana. Ikatuchukua jioni nzima. Fundi wetu wa zamani alipoona, alisema hajui kuutengeneza, na kweli mafundi wengi wa mtaani hawajui. Binti yetu naye alikuja na malalamiko: "Baba, shuleni tunatumia nyingine, nami nitachekwa." Tukamwonyesha kwamba LibreOffice, programu ya kuandikia inayokuja pamoja na Mint, hufungua na kuhifadhi hati za aina anayotumia mwalimu wake. Mara chache hati yenye mapambo mengi huhama mistari, na ya kuwasilisha tu huigeuza PDF isihame. Akaniuliza kama michezo yake yote itakuwepo. Nikamwambia kweli: mingine haipo. Alinuna siku mbili.

Siku ya tatu yeye ndiye aliyeniita. Alikuwa amegundua jinsi ya kuongeza kibodi ya Kiarabu, na kugeuza kutoka lugha moja hadi nyingine kwa vitufe viwili. Kisha akaniwekea mwandiko uitwao Amiri, uliotengenezwa na Khaled Hosny wa Misri na kutolewa huria. Nilipouona juu ya kioo, nilihisi nimerudishwa kwenye mkeka wa chuo nikiwa mtoto. Umefuata herufi za Matbaa ya Bulaq ya Kairo, herufi ambazo macho yetu yalilelewa nazo katika vitabu vya fiqhi vilivyofika hapa kwa meli. Tangu siku hiyo naandika khutba zangu upya, Kiswahili upande mmoja na Kiarabu upande wa pili, na binti yangu ndiye mwalimu wangu.

Wala msidhani kwamba sisi Waswahili tumekuwa wanywaji tu wa kisima hiki. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi ulioitwa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia, kupigia hesabu na kuonyeshea iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Kutoka katika programu hiyo ya OpenOffice ndiyo ilichipuka LibreOffice mwaka 2010. Walikaa watu wakajadiliana faili iitwe nini na menyu iandikwe vipi. Kazi ya kufasiri haina mwisho, na haihitaji uhandisi. Inahitaji mtu anayejua Kiswahili fasaha na mwenye subira. Mombasa haina upungufu wa watu hao, na wengi wao ni wanawake walioko majumbani.

Kwa yule atakayetaka kuhama, haya ndiyo niliyoyapata kwa uzoefu, si kwa elimu.

Kwanza, toa nakala ya mafaili yako yote kabla ya kugusa chochote, na uhakikishe inafunguka. Kuweka mfumo mpya kwa kawaida hufuta ulichonacho. Mke wangu sasa ana nakala tatu za jedwali: moja kwenye kompyuta, moja kwenye fleshi ndani ya kabati, na moja iliyochapishwa na kutiwa saini na wanakikundi wawili kila mwisho wa mwezi.

Pili, jaribu kwa fleshi kwanza, kwa wiki nzima ikibidi, na ajaribu yule atakayeitumia. Chomeka printa yako, fungua hati zako. Ikiwa kazi yako inategemea programu moja isiyokuwepo kwenye Linux, basi baki ulipo na ununue leseni yako kwa halali. Hilo nalo ni jibu jema.

Tatu, mtafute mtu mmoja wa kumuuliza, awe mtoto wa ndugu au wa jirani. Mwenda pole hajikwai, na mwenye mwenzake hujikwaa kidogo zaidi.

Nne, mfumo wowote haulei mtoto. Kompyuta yetu ingali sebuleni, kioo kikitazama mlango, na intaneti ya nyumba tumeipitisha kwenye kichujio cha familia kisicholipiwa. Lakini mlinzi wa kwanza ni mzazi aliyekaa karibu.

Katika kikao cha kikundi kilichofuata, mke wangu alibeba jedwali lililochapishwa, akaligawa, kila mmoja akasoma safu yake. Akawaeleza pia, bila kuulizwa, kwa nini hesabu ilipotea mara ya kwanza: kwamba kompyuta ya nyumbani kwa Sheikh ilikuwa na mfumo usiolipiwa, na sasa haina. Aliniomba ruhusa kabla ya kusema. Nilisita, nikampa. Yule mama aliyetaka daftari libadilishe mkono alikuwa wa kwanza kuuliza kama kijana wetu anaweza kufika kwake pia. Wiki iliyopita mpwa wangu alikuwa amekwisha kuingia nyumba ya nne mtaani, na malipo yake ni mahamri.

Mimi nami niliyasema haya katika darsa baada ya Magharibi. Baada ya darsa mzee mmoja alinishika mkono, akaniambia, "Sheikh, kumbe hata wewe." Nikamwambia, "Hata mimi."

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyachukua bila haki kwa kujua na kwa kutojua, atutosheleze kwa halali yake, awalipe kheri wote wanaochimba visima vya elimu kisha wakaviacha wazi kwa watu, na awahifadhi akina mama wetu wanaobeba amana za wenzao. Amin.

Wabillahi tawfiq.